Gurudumu la Mbele la Nesi Getruda

Vijana wangu wa gereji za Igogo na Nyakato hapa Mwanza, nanyi mnaofungua matairi pembeni ya barabara ya Magu, najua mnanicheka. Nikipita na fimbo yangu, mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mzee wa kuzungusha ringi kwenye mawe." Ndiye mimi. Nimezungusha ringi kwenye mawe, kwenye viti viwili vya jikoni, kwenye foku ya pikipiki yenyewe, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, na siku moja, Mungu anisamehe, ndani ya ziwa. Sasa mna mashine inayowasha namba nyekundu na kuwaambia wekeni uzito hapa, toeni pale. Sina ugomvi nayo. Nilikwenda kuitazama, nikaipenda, nikakaa pale mpaka kijana akaanza kuniuliza kama nimepotea njia. Ila mashine hiyo haijui nani aliweka nini ndani ya tairi. Hilo mtaulizwa ninyi.

Sikuzaliwa na spana mkononi. Nilikuwa mtu wa kiwandani, nasimamia mashine ya kusokota nyuzi, mpaka yalipokuja mageuzi. Soko likafunguliwa, viwanda vikapunguza watu, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa, nina mke, watoto wawili, na miaka thelathini na kitu. Soko hilohilo lililonitoa kiwandani ndilo lililoleta pikipiki za mitumba, nyingine zikija na kasoro ambazo hata huko zilikotoka walizishindwa. Nikaona chakula kiko huko. Nikaenda kwa Mzee Masatu.

Mzee Masatu alikuwa Mjita wa mwambao wa Mara, aliyeanza maisha kwa kushona nyavu akaishia kushona pikipiki, kama alivyopenda kusema. Gereji yake ilikuwa banda la mabati hapo Igogo, kati ya jiwe kubwa na njia ya kuteremkia ziwani. Alikuwa ananawa mikono kabla ya kushika gurudumu. Sisi tunanawa baada ya kazi, yeye alinawa kabla, kwa sabuni, akisema kidole chenye grisi hakisikii kitu.

"Shikamoo mzee. Nataka kujifunza kazi."

"Marahaba. Kiwandani mlifundishwa nini?"

"Kuwahi."

"Basi hapa utaanza kwa kuchelewa."

Hakuwa anatania. Siku ya kwanza nilikaa kutwa nzima nikitazama gurudumu likisimama. Alilitoa kwenye pikipiki, akaondoa sahani ya breki, akapitisha ekseli katikati, akaiegemeza ekseli hiyo juu ya mawe mawili yaliyolingana kimo. Akalisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likapunguza mwendo, likarudi nyuma kidogo, likatulia. "Limekuonyesha," akasema. Upande mzito huwa unashuka chini. Unachora chaki juu, penye wepesi, unasukuma tena. Chaki ikirudi juu mara tatu, umeamini. Hapo ndipo unapofunga kipande cha risasi, ile metali laini na nzito, kwenye spoku iliyo penye chaki, kisha unalizungusha robo, nusu, robo tatu, na kila ulipoliacha linabaki palepale. Gurudumu lililobalansi halina mahali linapopapenda zaidi.

Wiki ya pili nikajiona fundi. Nilijaza beringi grisi ya kutosha chapati kumi, nikaweka gurudumu kwenye mawe, nikasukuma, likasimama. Nikasukuma tena, likasimama pengine. Nikapiga kelele, "Mzee, hili halihitaji kitu, limekaa sawa!"

Akaja taratibu, akaligusa. "Limekaa sawa au limelala?"

Grisi ilikuwa nzito kiasi kwamba gurudumu lingekubali kusimama popote. Tangu hapo nilijua kwamba kabla hujaliuliza gurudumu swali, liondolee kila kinacholizuia kujibu: breki, grisi nzito, beringi iliyochoka, mpira wa kuzuia vumbi uliokaza. Na kabla ya yote nyoosha ringi. Ukibalansi ringi iliyopinda umepiga pasi shati lililochanika. Kaza na legeza spoku mpaka ringi ipite kwenye ncha ya msumari bila kuugusa, ndipo uanze habari za uzito. Vijana wengi wanaanzia mwisho, kisha wanakuja kuniuliza kwa nini pikipiki bado inacheza.

Habari ya ziwa mmeisikia kwa watu, na wameiongezea chumvi. Niiseme mwenyewe. Nilikuwa naangalia wavuvi wakijaribu maboya ya nyavu zao, nikaona boya likielea linainamia upande wake mzito. Nikajiambia, Mabula, wewe una akili kuliko mawe ya mzee. Tairi limejaa upepo, si litaelea? Nikachukua gurudumu la pikipiki ya padri mmoja, nikateremka nalo majini, akina mama wakifua wakaacha kufua wanitazame. Nikalilaza juu ya maji. Kweli likaelea, na upande mmoja ukazama kidogo! Nikanyanyua mikono. Likaja wimbi dogo tu, la mtumbwi uliokuwa unapita, gurudumu likajipindua na kuzama. Nikaingia na viatu na suruali, nikalipapasa chini kwenye mchanga, maji yamenifika kifuani.

Nilirudi nalo gereji likitiririka, beringi zimejaa mchanga, nikamkuta padri amekwisha kufika na amekaa kwenye benchi. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Fundi," akasema, "umelibatiza?"

Mzee Masatu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaosha beringi moja moja kwa petroli.

Risasi tulizotumia zilikuwa za kuzamishia nyavu. Mzee alikuwa na kopo lake zima, ukumbusho wa kazi ya zamani. Unaiponda kwa nyundo mpaka iwe bapa, unaizungushia kwenye spoku karibu kabisa na ringi, unaikaza kwa plaizi, na unaifunga kwa waya mwembamba. Ule waya si urembo. Nilidharau waya siku moja, risasi ikachomoka pikipiki ikiwa mbio, ikagonga sufuria ya mama wa maandazi. Yule mama alikuja na sufuria yake mkononi kunionyesha palipobonyea, na kwa mwezi mzima nilikuwa mtu wa kwanza kununua maandazi yake, tena yaliyoungua.

Baadaye soko likazidi kufunguka, matairi yakaja ya kila aina. Mengine yalikuwa na kitone cha rangi ubavuni. Hicho kitone kinaonyesha penye wepesi, na valvu ya tyubu ina uzito wake, kwa hiyo unavipanga pamoja na nusu ya kazi imekwisha. Mengine yalikuja bila kitone, mengine na vitone vitatu kama mtu aliyepata tetekuwanga. Hapo unarudi kwenye mawe. Na ninyi wa siku hizi mnaomimina dawa ya pancha ndani ya tairi kisha mnabalansi, mnajua kabisa kwamba yale maji hayakai mahali pamoja. Acheni kumdanganya mteja.

Lakini nimeshika kalamu kwa sababu ya Nesi Getruda.

Nesi Getruda alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, Msukuma wa Magu, na ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akipiga gia kwa kiatu cha kazi bila kutazama chini. Kila Jumatano alikuwa anachukua chanjo za watoto mjini, anazifunga kwenye sanduku lenye barafu nyuma ya pikipiki, anakwenda nazo mpaka kijiji kimoja cha ziwani, mbele ya Magu, kisicho na zahanati. Sanduku lenyewe lilikuwa kuukuu na mfuniko wake umelegea. Barafu ilikuwa na saa zake, na akina mama walikuwa na zao: wanasubiri mpaka jua la saa saba, kisha wanakwenda mashambani. Kwa hiyo alitakiwa kukimbia.

Na pikipiki ikawa haikimbii. Ukivuka mwendo wa kawaida kwenye lami, gurudumu la mbele linaanza kutetemeka, hendo, yaani usukani, inacheza, meno yanagongana. Ikambidi aende polepole. Jumatano mbili mfululizo alifika barafu imekuwa maji, chanjo zimeharibika, akina mama wamechoka kusubiri. Bosi wake, bwana mmoja mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alimwambia mbele ya wenzake kwamba pikipiki si kazi ya mwanamke. Likitokea tena, pikipiki anapewa mtu mwingine wa kuzungukia maeneo ya karibu, na safari ya kile kijiji inafutwa. Akina mama watembee na watoto wao mpaka Magu.

Alinieleza haya akiwa amesimama, kofia ya chuma kwapani. "Fundi Mabula, nakutegemea wewe."

Mzee Masatu wakati huo alikuwa amezeeka, macho yamepungua, anakaa kwenye benchi lake na redio. Gereji nilikuwa naiendesha mimi, na sifa zilikuwa zimeanza kunipanda kichwani. Nikatoa gurudumu, nikaliweka kwenye mawe, nikafunga risasi, likatulia vizuri. Akaondoka. Baada ya siku mbili akarudi, linatetemeka. Nikalipima tena, nikabadilisha risasi, likatulia. Akarudi. Mara ya tatu nikanyoosha ringi, nikabadili beringi, nikalibalansi mpaka unaweza kulipulizia kwa mdomo likazunguka. Akarudi Jumanne asubuhi, mikono inamtetemeka bado kwa ule mtetemeko wa hendo.

Gereji ilikuwa imejaa wateja. Na mimi, vijana wangu, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu, naona aibu.

"Nesi, gurudumu langu ni zima. Mikono yako ndiyo laini. Hendo inataka kushikwa na mwanamume."

Watu wakacheka. Yeye aliitazama ile mikono yake, akaivika glavu, akakaa kwenye benchi kando ya Mzee Masatu kama mtu asiyejua aende wapi.

Mzee akazima redio. "Mabula. Ulipolipima mara ya mwisho, upande mzito ulikuwa wapi?"

"Karibu na valvu."

"Mara ya kwanza?"

Nikafikiri. "Upande wa pili, mzee. Mkabala na valvu."

"Na leo uko wapi?"

Nikatoa gurudumu kwa hasira, nikakata risasi zote, nikaliweka kwenye mawe. Likazunguka, likatulia. Upande mzito haukuwa kwenye valvu wala mkabala nayo. Ulikuwa katikati ya hapo, kushoto.

"Uzito hautembei wenyewe," mzee akasema. "Fungua tairi."

Nikatoa upepo, nikapitisha vyuma, nikachomoa tyubu, nikaingiza mkono ndani ya tairi. Vidole vyangu vilikigusa kile kitu nikakijua kabla ya kukiona. Kilikuwa kipande cha tairi kuukuu, upana wa kiganja, kimelala huru ndani, kinateleza. Kingo zake zilikuwa zimekatwa kwa mshazari na pembe zimeviringwa. Hakuna fundi mwingine Mwanza aliyekuwa anaviringa pembe vile. Mimi ndiye niliyekuwa naviringa ili zisile tyubu, na nilikuwa najisifia.

Miezi kadhaa nyuma, tairi lile lilipasuliwa na jiwe. Tairi jipya la saizi ile halikuwepo mjini, naye alikuwa na safari kesho yake. Nikakata kipande nikakiweka ndani kuziba mpasuko. Kipande kama hicho lazima kigandishwe kwa solusheni, ile gundi ya pancha. Siku ile solusheni ilikuwa imeisha. Nikamwambia atumie hivyohivyo, akirudi nitakigandisha. Akarudi, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, nami nikasahau. Kipande kikawa kinatembea ndani ya tairi. Nikipima gurudumu kikiwa hapa, naweka risasi kule. Akifika Kisesa, nje kidogo ya mji, kimehamia, na ile risasi yangu inaongeza mtetemeko badala ya kuupunguza. Mara zote tatu nilikuwa nimezidisha ubaya.

Nilichuchumaa pale kipande kikiwa mkononi. Ningeweza kukiingiza mfukoni. Niseme kweli, mkono ulianza kwenda mfukoni. Mzee Masatu hakuwa anaona vizuri, wateja wengine walikuwa wanazungumza yao. Lakini Nesi alikuwa amekaa pale na glavu zake, na kesho yake ni Jumatano.

"Nesi Getruda," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwonyesha, nikamweleza yote, na solusheni nikaitaja. Alikichukua kile kipande akakigeuzageuza.

"Ulisema nina mikono laini."

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Basi na hili, bhabha, kaliseme mbele ya watu. Na bosi wangu akiwepo."

Mnadhani ni rahisi? Nilitembea naye mpaka ofisini kwao, nikiwa na ovaroli ya grisi, nikasimama mbele ya bwana yule na makarani wake wanne. Nikasema pikipiki imetetemeka kwa uzembe wangu, tena nikamsingizia nesi. Yule bwana akanisikiliza akichezea kalamu, kisha akasema, "Fundi, maneno ni maneno. Kesho nenda naye. Chanjo zikifika nzima, tutaongea. Zikiharibika, uamuzi wangu ni uleule."

Lile tairi lililopasuka sikuliamini tena kwa mwendo ule, na jipya la saizi ile bado halikupatikana. Niliuliza maduka yote. Nikarudi gereji, nikalala chini ya pikipiki yangu mwenyewe, nikatoa tairi lake la mbele, la saizi ileile, nililokuwa nimelinunua kabla hayajaadimika na kulitunza mno. Nikalivalisha kwenye ringi ya Nesi, kitone kwenye valvu. Nikanawa mikono kwa sabuni kwanza. Mzee Masatu akaomba asogezewe karibu na mawe, na kwa kuwa haoni vizuri, akaweka ncha ya kidole kwenye tairi akawa analisikiliza linavyosimama. Tulifunga risasi moja tu, ndogo kuliko punje ya harage.

"Hili haliko usingizini," akasema.

Jumatano nikapanda nyuma ya Nesi Getruda, nimelipakata lile sanduku kwa mikono miwili ili mfuniko usifunguke. Sikuwahi kubebwa na mwanamke kwenye pikipiki, na watu wa Igogo walihakikisha najua hivyo. Tulipoingia lami akaanza kuongeza mwendo. Nikafumba macho nikisubiri ule mtetemeko. Akaongeza. Akaongeza tena. Nikasikia upepo tu, na injini. Nikafungua macho nikaitazama mikono yake kwenye hendo, imeshika kwa ulaini kabisa, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai, na pikipiki imenyooka.

"Fundi!" akapaza sauti bila kugeuka. "Hendo inaniuliza: nishikwe na mwanamume?"

Nilistahili, na nilifurahi kustahili.

Magu tukaipita, tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi kati ya mashamba ya pamba mpaka ziwa likaonekana. Akina mama walikuwa nje ya kanisa dogo la tope, wengi kuliko nilivyotegemea, wamewafunga watoto mgongoni. Wengine walikuwa wameshanyanyuka na majembe yao. Mmoja, kijana kabisa, alitusogelea. Alikuwa amekuja Jumatano zote mbili akarudi bure.

"Mayu, leo zipo?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyejizoesha kuambiwa hapana.

Nesi Getruda akafungua mfuniko, akatumbukiza mkono, akautoa na kipande cha barafu, kigumu, kinameremeta, akamwekea yule binti kiganjani. "Zipo."

Wale waliokuwa wanaondoka wakaweka majembe chini. Foleni ikajipanga. Yule binti akanitazama mimi, niliyejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, bado nimekumbatia sanduku.

"Na huyu ni daktari?"

Nesi Getruda alikuwa anavuta dawa kwenye sindano, hakuinua macho. "Huyu ndiye aliyekuwa ananichelewesha. Leo nimekuja naye."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Kisha mtoto wa kwanza akachomwa, akalia kwa nguvu zake zote, na katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kusikia sauti iliyonipendeza kama ile.